Sista na Kizungushio cha Pili

Sista hakuwa mchezaji. Naanza na hili kwa sababu waliomsikia kwa mbali humfikiria mtawa mchangamfu aliyekaa na watoto mbele ya televisheni akishangilia mabao. Hapana. Nilimjua kwanza akiwa mwalimu wangu wa Fizikia katika shule ya wasichana ya masista, upande wa Kigonsera, halafu akawa mteja wangu msumbufu kuliko wote pale kwenye duka langu la fotokopi, Mbinga mjini. Katika miaka yote hiyo sikumwona akicheza gemu. Alichopenda ni pedi, kile kitu kinachoshikwa mkononi. Alitaka kujua nani alikishika kwanza, kilikuwa na umbo gani, kilimuuma wapi, na aliyekuja baada yake alibadili nini.

Jina lake la utawa lilikuwa refu, la mtakatifu ambaye hata yeye alikiri hamjui vizuri. Hatukulitumia. Masista wengine wote tuliwaita kwa majina yao, lakini ukisema "Sista" tu bila kuongeza kitu, shule nzima ilijua ni yule wa maabara, mwenye bisibisi mfukoni pale ambapo wenzake waliweka rozari. Rozari yake ilining'inia ukutani karibu na swichi kuu, na alisema inalinda vyote viwili, roho na fyuzi.

Siku ya kwanza alipotamka neno "pedi" mbele ya darasa la wasichana pekee, tulipasuka kicheko. Alingoja tumalize. Kisha akasema, "Mmecheka. Sasa fungueni madaftari." Akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla, na naweza kulisimulia hadi leo bila kukosea.

Zamani, miaka ya hamsini, katika maabara moja huko Marekani, mwanasayansi mmoja aliona wageni wanazubaa siku ya kutembezwa. Mabango yalikuwa yanawachosha. Basi akachukua osiloskopu, kile chombo chenye kioo cha duara cha kijani kinachoonyesha umeme ukipanda na kushuka, akatengeneza mchezo wa tenisi. Mstari wa chini ulikuwa uwanja, kijistari kilichosimama katikati kilikuwa wavu, na nukta inayong'aa ndiyo mpira. Kila mchezaji akapewa kiboksi chenye vitu viwili tu: kizungushio kama kile cha kuongezea sauti ya redio, cha kuchagua mpira uende juu au chini, na kitufe cha kuupiga. Watu wakapanga foleni kuvishika. Baadaye chombo chote kikafunguliwa, vipuri vikaenda kufanya kazi nyingine.

"Hawakujua walikuwa wameshika nini," Sista alisema, na sauti yake ikakwama. Sisi tulidhani ana mafua. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kuwa alikuwa karibu kulia.

Hilo ndilo lililokuwa jambo lake kubwa hapa duniani, ukiacha wokovu. Alitaka kuvitengeneza upya vile viboksi viwili, kwa mikono yake, hapa kwetu, kwa vipuri vya redio zilizokufa, kisha acheze mechi moja na binadamu mwingine. Mechi moja tu. Na haraka yake ilikuwa na sababu, maana baridi yabisi ilikuwa imeshamwingia kwenye vidole. Asubuhi za Juni, baridi ya milima yetu ya Umatengo inapokaza, alikuja darasani amekumbatia kikombe cha kahawa isiyo na sukari, na hakuandika ubaoni mpaka vidole vimekubali kufunguka. Sote tulijua. Yeye mwenyewe alisema wazi, "Ama niwahi mimi, ama iwahi mikono."

Alikuwa mkali. Msichana akikutwa na simu akicheza ule mchezo wa nyoka, simu ilikwenda kwa mkuu wa shule na msichana alikwenda kufyeka majani. Lakini akipita dukani kwangu, alivuka barabara hadi kibanda cha gemu cha jirani, akainama kwenye mlango mfupi na shela yake nyeupe, na vijana wote wakasimama kwa mkupuo mmoja. "Shikamoo Sista!" Mpira ukabaki unachezwa wenyewe kwenye televisheni. Yeye hakutazama hata kioo. Alinyoosha mkono apewe pedi, akaigeuza, akainusa, akaulizia kile kijiti kinachovuta upande mmoja, akatoa bisibisi. Alifungua, akasafisha, akafunga. Malipo yake yalikuwa pedi mbovu zilizotupwa chini ya benchi.

"Sista, jaribu basi kidogo," mwenye kibanda alimwambia siku moja.

"Nijaribu nini?"

"Kucheza."

"Mwanangu, mimi nina kazi."

Na akaondoka na mfuko wa pedi zilizokufa, ameridhika kama mtu aliyetoka sokoni. Niliwahi kumuuliza inakuwaje achukie gemu na kupenda pedi kiasi hicho. Akanitazama kwa huruma. Akasema hachukii kitu chochote, ila kwenye kioo kila mtu anatazama, na mkononi hatazami mtu. Halafu akataja wakulima wa ngoro, yale mashimo yetu ya kwenye miteremko. "Mwenye kuchimba ngoro haangalii jembe. Amelisahau. Kuna mtu alikaa akafikiri mpini uwe vipi ili usahaulike. Mtu huyo ndiye namtafuta."

Wapo wengi aliowatafuta na kuwapata, katika magazeti ya kale aliyotumiwa na mtawa rafiki yake wa Ujerumani, na baadaye kwenye simu yangu, akiniamuru nitafute hiki na kile huku wateja wananisubiri. Aliniambia habari za wanafunzi wa chuo kikuu waliotengeneza mchezo wa vita vya angani katika kompyuta kubwa kama kabati la sakristia. Walikuwa wanabonyeza swichi za kompyuta yenyewe, na viwiko vikawauma, basi wakaunda viboksi vya mbao na swichi zake, ili kila mmoja akae atakavyo. Sista alizipenda sana habari hizo. "Viwiko!" alisema, akipiga meza. "Hawakutafuta utajiri wala sifa. Viwiko vilikuwa vinauma."

Kisha ikaja mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani, isiyo na sauti hata kidogo, na kiboksi chake kilikuwa na vizungushio vitatu. Kimoja kilisogeza mchezaji kushoto na kulia, kingine juu na chini, cha tatu kiliupindisha mpira ukiwa umeshapigwa. Aliniambia hili nikiwa natoa fotokopi za mtihani wa darasa la saba, na nikaharibu karatasi kwa kumsikiliza. Baadaye kikaja kijiti kilichosimama juu ya kiboksi cheusi, chenye kitufe kimoja chekundu. Hiki alikuwa nacho. Kilitoka kwenye kontena la misaada, katikati ya sweta za watoto, na sista wa jikoni alikuwa amekiweka kabatini akidhani ni kipaza sauti cha padre. Na mwisho kabisa, Mjapani mmoja aliyekuwa na mchezo mdogo wa mfukoni, usio na nafasi ya kijiti, akakilaza kijiti chini kikawa msalaba bapa wa kubonyeza kwa dole gumba.

Padre wetu alipouona ule msalaba alifurahi, akaanza kutafuta maneno ya mahubiri. Sista alimkatiza. "Padre, ni mishale minne. Tusimsingizie Mungu."

Huyo ndiye mtawa wetu. Alikuwa na imani ya kuhamisha milima na hakutaka milima ihamishwe bila sababu. Aliimba vibaya sana, kwa sauti kubwa, macho yamefumbwa, na uimbaji huo ndio uliomponza, kama nitakavyoeleza sasa.

Mwaka alioponzwa, viboksi vyote viwili vilikuwa vimekamilika. Vizungushio vyake vilikuwa mapacha, vilitoka ndani ya redio moja kubwa ya kijeshi, na hapo alikuwa na msimamo usiotetereka: lazima vizunguke kwa uzito uleule, la sivyo mmoja atamwonea mwenzake na mechi haitakuwa mechi. Alikuwa ameviunganisha kwenye osiloskopu ya zamani ya maabara na kujaribu akiwa peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Nukta ilivuka wavu, ikadunda, ikarudi. Lakini alisema hiyo si kucheza, ni kusali rozari peke yako na kujiitikia mwenyewe. Mashine ile haikujua kucheza. Ilijua kubeba mpira tu, na haikuhesabu mabao. Ilihitaji mtu upande wa pili. Mtu huyo nilikuwa mimi, na nilipanda gari kutoka Mbinga, Jumapili ya mavuno, kwa ajili ya Misa na kwa ajili ya mechi ya mchana.

Kabla ya Misa, seremala wa misheni alimletea Sista kiboksi kimoja mlangoni mwa kanisa. Alikuwa amekichongea kifuniko kipya, akakitia kwenye kikapu na kukifunika kwa kitambaa safi. Sista akakiweka kikapu chini ya benchi, akaenda kukaa na kwaya.

Anayejua Jumapili ya mavuno kwetu ameshaelewa. Siku hiyo kila kikapu kilichofunikwa ni sadaka. Wakati wa matoleo, akina mama walipita kati ya mabenchi wakicheza, wakainua mahindi, ndizi, kahawa, kuku waliofungwa miguu, na wakainua na kikapu kile. Sista alikuwa anaimba, macho amefumba. Alipoyafumbua, kiboksi chake kilikuwa mikononi mwa padre, mbele ya altare, na padre anashukuru.

Baada ya Misa ukafuata mnada wa sadaka, pale nje, kama kawaida. Mwenyekiti wa parokia alikiinua kiboksi baada ya jogoo. Hakujua ni nini, lakini mnadishaji hakwami. "Chombo cha kisasa hiki, wapendwa! Kina kizungushio! Kina kitufe! Nani anampenda Mungu?" Nilikuwa nimesimama karibu na Sista. Nikamwambia, "Sema basi!" Uso wake ulikuwa umepauka. Akasema, "Kimeshafika altareni." Nikachomoa pochi ninunue mwenyewe, akanishika mkono kwa vidole vile vigumu na kuniumiza kweli. "Usimnunulie mtawa kitu alichompa Mungu." Kikachukuliwa na mzee mmoja mkulima wa kahawa, mwenye shamba juu mlimani, na Sista akarudi kuimba.

Nilikasirika. Bado nakasirika nikikumbuka. Lakini nilistaajabu pia, maana niliona mtu akipoteza kitu alichokitafuta nusu ya maisha yake, kwa kosa lisilo lake, na hakumlaumu mtu.

Nilimfuata yule mzee. Nilimfuata kila msimu wa kahawa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata kahawa au umefuata chombo?"

"Chombo, mzee. Sista anakihitaji."

"Mbona hasemi mwenyewe?"

"Anasema alichompa Mungu hawezi kukidai."

"Unaona? Hata yeye anajua. Na mimi nilichopewa na Mungu nitakiuzaje?"

Alikuwa amekiweka rafu ya juu sebuleni, kando ya picha ya Bikira Maria. Kwake hakikuwahi kufanya kazi yoyote, na hakutegemea kifanye. Kilikuwa kimebarikiwa, basi. Nikawa nimekwama kati ya wacha Mungu wawili, kila mmoja anashikilia ncha yake ya kanuni ileile. Nilipomwambia Sista tuagize vizungushio vipya, siku hizi simu inaagiza chochote, alikataa. Mikono yake ilikuwa imefika mahali ambapo hawezi tena kushika kifaa cha kulehemu. Alisema, "Kile kipo. Kimepotea njia tu." Muda si mrefu shule ikapata maabara mpya, osiloskopu ya zamani akaruhusiwa kuondoka nayo, na yeye mwenyewe akahamishiwa nyumba ya masista wazee, kule chini ziwani, upande wa Mbamba Bay.

Wazo lilinijia nikiwa kwa yule mzee, nimekata tamaa, nakunywa chai yake. Nikamuuliza, "Mzee, chombo hiki alikupa nani?"

"Mungu."

"Basi mtolee Mungu. Mavuno yanakuja."

Mzee akaitazama rafu. Sauti ikatoka jikoni, ya mke wake. "Mtolee, baba. Miaka yote ni mimi nakifuta vumbi."

"Na mnadani?" mzee akauliza.

"Mnadani nitakuwepo."

Akacheka mpaka akakohoa. Jumapili ya mavuno akakibeba mwenyewe hadi altareni, amevaa koti. Nje, mnadani, nilidhani kazi imekwisha, kumbe katekista aliona kuwa kitu kinachofika altareni mara mbili lazima kina nguvu, akaanza kushindana nami. Nilimshinda kwa hasira zaidi ya fedha. Siku ya tatu yake nilikuwa ndani ya gari, nateremka kona za kwenda ziwani, kiboksi nimekipakata.

Nilimkuta barazani. Nilikuwa nimejiandaa kumwona amezeeka, sikuwa nimejiandaa kuona mikono. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea viganjani na havikufunguka tena, asubuhi wala mchana. Sista mwingine ndiye aliyemlisha. Nilipofunua kiboksi alikitazama muda mrefu, akauliza jambo moja tu.

"Kimepita wapi?"

"Altareni, Sista. Tena."

"Vizuri," akasema. "Kiingize ndani."

Osiloskopu ilikuwa kwenye meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ikabidi mimi ndiye niunganishe waya, yeye anaamuru kutoka kwenye kiti. "Nyekundu. Nimesema nyekundu! Ulipata nini Fizikia?"

"C, Sista."

"Nilikuhurumia."

Kioo kikawaka kijani. Mstari, kijistari, nukta. Masista wazee wakasogeza viti. Nikamwekea kiboksi chake mapajani, na hapo nikataka kulia, kwa sababu sikuona atakigeuzaje. Yeye hakusita hata kidogo. Alikibana kizungushio katikati ya vifundo viwili vya mikono, kama mtu anayeshika kikombe cha moto, akakizungusha taratibu kulia, kushoto, akisikiliza uzito wake. Kisha akainua kifundo kimoja na kugonga kitufe. Nukta ikaruka wavu, ikadunda upande wangu.

Nimeona mambo mengi ya kustaajabisha, nimeona ziwa likisimama wima siku ya dhoruba, lakini sijaona kitu kama kile. Aligeuza, akagonga. Akageuza, akagonga. Jasho lilimtoka. Nami nilimrudishia mipira laini, ya juu, ili aiwahi.

"Unanibembeleza," akasema bila kuacha kutazama kioo.

"Hapana, Sista."

"Nimefundisha wasichana maisha yangu yote. Uongo naujua. Piga."

Nikashusha kizungushio, nikapiga. Nukta ilipita juu kidogo tu ya wavu, ikadunda chini, kali, na vifundo vyake vikageuka kuifuata, vikachelewa. Ikapotea ukingoni mwa kioo. Mashine haikulia wala haikuandika chochote, ilibaki na mstari wake na wavu wake. Nikatambua kwamba wote wananisubiri mimi, maana hapakuwa na mwingine wa kusema, na yeye ndiye alikuwa anasubiri kuliko wote.

"Umenifunga?" akauliza.

"Nimekufunga, Sista."

Alifumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Basi," akasema, "inafanya kazi."